Tarehe Kwanza, Maana Baadaye: Ushauri kwa Anayetaka Kuchunguza Dini Isiyo Yake

Mwalimu mmoja kijana aliniuliza juzi kama mtu asiye na shahada ya theolojia wala mfadhili, mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha kila jioni, anaweza kufanya utafiti wa maana kuhusu dini isiyo yake. Anaweza. Nimefundisha historia na somo la dini katika shule za sekondari hapa Kenya hadi nikastaafu, na karibu muda wote huo nimekuwa nikisoma maandiko, ibada na ishara za Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi huwaita Wamormoni. Mwaka 2018 rais wao wa wakati huo, Russell M. Nelson, aliomba watu watumie jina kamili, nami nitajitahidi ingawa ni refu. Mimi ni Mwanglikana na sina mpango wa kuhama.

Nilichagua kanisa hili kwa sababu za kiualimu. Liliundwa tarehe 6 Aprili 1830 huko Fayette, jimbo la New York. Majuma machache kabla ya hapo Kitabu cha Mormoni, andiko lao takatifu, kilikuwa kimetoka kwa mpiga chapa wa Palmyra, nakala 5,000, na shamba la Martin Harris, mmoja wa wafuasi wa mwanzo, lilikuwa limewekwa rehani kulipia dola 3,000 za kazi hiyo. Dini nyingi ukizifuata hadi chanzo chake unaishia kwenye mapokeo ya mdomo. Hapa unakutana na rehani, barua, shajara, na magazeti ya majirani waliokuwa wakiwacheka. Mwalimu wa historia atake nini tena?

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo. Ukiona ishara, usianze kwa kuuliza ina maana gani. Uliza ni nani aliyesema ina maana hiyo, na alisema mwaka gani. Kufasiri ishara bila tarehe ni kama kusahihisha mtihani bila kuona karatasi ya maswali: alama utatoa, lakini hujui unazitolea nini.

Nitoe mfano unaotuhusu Wakenya. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini. Ripoti yake ilipowekwa mezani bungeni mwaka 1999, Watakatifu wa Siku za Mwisho walikuwa wametajwa pamoja na Mashahidi wa Yehova miongoni mwa makundi yaliyodaiwa kuwa milango ya ushetani. Nakumbuka jinsi chumba cha walimu kilivyochangamka. Mpaka leo kuna video zinazunguka kwenye simu zikionyesha nyota ya ncha tano iliyogeuzwa, ncha moja ikitazama chini, katika hekalu lao la Nauvoo, Illinois. Ushahidi si huu hapa? wanasema.

Haya, weka tarehe. Hekalu la Nauvoo liliwekwa wakfu mwaka 1846. Aliyeeneza wazo kwamba nyota hiyo ikisimama ni njema na ikigeuzwa ni ya shetani ni Mfaransa Éliphas Lévi, katika maandishi yake ya miaka ya 1850. Wachonga mawe wa Nauvoo wangewezaje kuchukua maana ambayo ilikuwa bado kuandikwa? Tena nyota ya namna hiyo imo katika dirisha kubwa la mviringo la upande wa kaskazini la kanisa kuu la Amiens, Ufaransa, tangu enzi za kati, na sijasikia tume iliyoundwa kwa ajili ya Amiens.

Hekalu la Salt Lake, jimbo la Utah, ni darasa zuri zaidi, kwa kuwa msanifu wake aliandika alichokusudia. Ujenzi ulianza 1853 na hekalu likawekwa wakfu 6 Aprili 1893. Katikati ya miaka hiyo 40 walikufa waliolianza na wakazaliwa waliolimaliza. Mwaka 1854 Truman O. Angell alichapisha maelezo ya jengo lenyewe. Kwenye ukuta wa magharibi, alieleza, litawekwa kundi la nyota la Dubu Mkubwa likielekeza kwenye Nyota ya Kaskazini, fundisho likiwa kwamba waliopotea wanaweza kujipata kwa njia ya ukuhani. Hapo hakuna haja ya kubahatisha, mwenye kazi amesema mwenyewe. Lakini mipango ya mwanzo ilikuwa pia na mawe ya Zohali pamoja na pete zake, na mawe hayo hayakuwekwa. Basi akija mtu kukuambia kwamba kila jiwe la ukuta ule lina siri isiyobadilika tangu milele, mwulize Zohali alienda wapi.

Linganisha na mawe ya jua. Yale ya Nauvoo yana uso wa mtu, na juu yake mikono imeshika tarumbeta. Moja liko katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Ya Salt Lake ni jua bila uso. Watu ni wale wale, imani ile ile, na wengine walishuhudia mahekalu yote mawili kwa macho yao, lakini ishara imebadilika. Mtafiti akae hapo. Kwa nini uso uliondoka? Swali dogo namna hiyo lina faida kuliko kitabu kizima cha "maana za siri".

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la Wafrimasoni. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hili, alipokelewa katika loji ya Nauvoo, yaani tawi lao la huko, Machi 1842. Tarehe 4 Mei mwaka huo huo, katika chumba cha juu cha duka lake la matofali mekundu, aliwapa wanaume wachache ibada ambayo waumini huiita endaumenti. Ukaribu huo haufichiki, na wao wenyewe hawakuuficha. Mwezi Juni Heber C. Kimball, mmoja wa mitume wa kanisa, alimwandikia mtume mwenzake Parley P. Pratt, aliyekuwa Uingereza, kwamba mfanano upo, na kwamba kwa maelezo ya Joseph, Ufrimasoni ulitoka katika ukuhani kisha ukaharibika. Wapinzani wa kanisa husimama hapo na kufunga daftari. Wewe rudi nyuma zaidi. Kuoshwa na kupakwa mafuta kulifanyika Kirtland, Ohio, mwanzoni mwa 1836, miaka sita kabla ya loji, na anayesoma Kutoka sura ya 40 ataona Haruni na wanawe wakifanyiwa hayo hayo. Kwa upande mwingine, muumini anayesema desturi za loji zimeteremka moja kwa moja kutoka kwa Sulemani naye alete nyaraka. Loji Kuu ya kwanza iliundwa London mwaka 1717, na kati ya hapo na Yerusalemu pana pengo ambalo hakuna karatasi inayoliziba. Tarehe zote zikiwa mezani, lile swali la "walinakili au hawakunakili" linavunjika vipande, na kila kipande kinadai jibu lake. Hapo kazi ndiyo inanoga.

Mafunjo ya Misri nimeyakalia muda mrefu kuliko jambo lingine lolote, hata mama watoto akawa anauliza kama Farao atalipia mafuta ya taa. Mwaka 1835 huko Kirtland, Joseph Smith na wenzake walinunua maiti nne za Wamisri zilizokaushwa pamoja na magombo ya mafunjo kwa dola 2,400, kutoka kwa mtu aliyekuwa akizizungusha kwa maonyesho, Michael Chandler. Msomi Mfaransa Champollion alikuwa ametangaza ufunguo wa maandishi ya Misri mwaka 1822, lakini Ohio hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Mwaka 1842 gazeti la Nauvoo likachapisha Kitabu cha Ibrahimu, ambacho sasa kimo katika Lulu ya Thamani Kuu, andiko lao lingine. Baadaye ikaaminika kwamba mafunjo yaliteketea katika moto wa Chicago wa 1871. Kumbe vipande kadhaa vilikuwa salama. Mwaka 1967 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilivikabidhi kwa kanisa, na wataalamu wa Misri ya kale, waumini na wasio waumini, wakavisoma. Ni maandishi ya mazishi, likiwamo lile liitwalo Kitabu cha Kupumua, lililoandikwa kwa ajili ya kuhani aitwaye Hor, aliyeishi karne nyingi sana baada ya Ibrahimu.

Kanisa lenyewe, katika makala yake ya 2014, lilikubali kwamba maandishi ya vipande hivyo hayalingani na Kitabu cha Ibrahimu. Waumini wengine husema gombo lenyewe ndilo lililopotea. Wengine husema mafunjo yalikuwa kichocheo tu, na maneno yalikuja kwa ufunuo. Ushauri wangu hapa: andika hoja ya kila upande kwa namna ambayo mwenye hoja akiisoma atasema, naam, ndivyo ninavyosema. Ukishindwa, bado hujaielewa, hata kama umeshajua kwa nini unaikataa. Mimi hoja ya gombo lililopotea hainishawishi. Ile ya ufunuo siwezi kuipima kwa zana za historia, basi naiacha mikononi mwa wenye imani.

Maandiko yenyewe yasome kwa matoleo, usitosheke na nakala iliyoko mkononi. Katika chapa ya 1830 ya Kitabu cha Mormoni, Mariamu wa 1 Nefi 11:18 anaitwa mama wa Mungu. Katika chapa ya 1837 ni mama wa Mwana wa Mungu. Maneno machache yameongezwa, na nyuma yake kuna mjadala mzima kuhusu Uungu. Kuna badiliko lingine ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita haraka. Katika 2 Nefi 30:6, chapa ya kwanza inawaahidi wazao wa Lehi, nabii wa kitabu hicho, kuwa watu "weupe" na wa kupendeza. Chapa ya 1840 ikaweka "safi", kisha "weupe" likarudi katika matoleo mengine, mpaka 1981 "safi" likawekwa tena. Weka kando ya tarehe hizo nyingine: Elijah Able, mwanamume mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, mwaka 1852 Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Joseph Smith, akatangaza hadharani kwamba watu weusi hawapewi, na Juni 1978 zuio hilo likaondolewa. Mwaka 2013 kanisa likakana nadharia zilizokuwa zikitumika kulitetea. Kwa muda mrefu wengi walidhani zuio hilo limekuwako tangu mwanzo. Orodha ya tarehe ingewatoa katika dhana hiyo, na nadhani kuna familia ambazo ingezipunguzia machozi.

Jihadhari pia na mpangilio unaopendeza macho. Mwaka 1967 mmisionari kijana, John W. Welch, akiwa Regensburg, Ujerumani, aliona katika Kitabu cha Mormoni mpangilio wa kugeuza, yaani a, b, c, kisha c, b, a, ambao Waebrania waliupenda. Alma 36 ndiyo mfano wao mashuhuri, na kwa kweli sura hiyo imepangika. Tatizo ni kwamba ukishaufundisha macho mpangilio huo, unauona kila mahali. Niliujaribu kwenye insha za wanafunzi wangu kuhusu likizo ya Agosti na nikaukuta kwa wingi. Hilo haliangushi hoja ya Welch. Linakudai uwe na kipimo kabla hujaanza kuhesabu.

Kuhusu yale ya ndani ya hekalu, shauri langu ni fupi. Waumini hufanya agano la kutotangaza sehemu fulani za ibada. Mtandaoni utapata rekodi zilizochukuliwa kwa siri. Sizitumii katika maandishi yangu wala sizisimulii kwa watu, kwa sababu jirani yangu ni muumini na nitakutana naye dukani kesho. Yaliyo wazi ni mengi kuliko unavyoweza kuyamaliza. Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilitoa video inayoonyesha mavazi ya hekaluni. Kila hekalu jipya hufunguliwa kwa umma kabla ya kuwekwa wakfu, na la Nairobi, lililowekwa wakfu Mei 2025, nalo lilifunguliwa hivyo. Tazama kisima cha ubatizo kwa ajili ya wafu, kilichobebwa na sanamu za ng'ombe kumi na wawili. Soma 1 Wafalme 7:25, kisha 2 Nyakati 4:6, uone bahari ya Sulemani ilitumika kwa kazi gani, halafu ujiulize ilifikaje kuwa mahali pa ubatizo huko Nauvoo mwaka 1841.

Na usianzie hekaluni. Anzia kwenye simulizi nne za Joseph Smith kuhusu Ono la Kwanza, yaani njozi aliyosema aliipata ujanani: ya 1832, ambayo sehemu yake aliandika kwa mkono wake, ya 1835, ya 1838 na ya 1842. Zote zinasomeka bure mtandaoni katika mkusanyo wa nyaraka zake, ambao juzuu za karatasi zilikamilika mwaka 2023. Chora safu nne. Andika alikuwa na umri gani, alikuwa akitafuta nini, nani alimtokea, aliambiwa nini. Usiandike hitimisho. Kisha mtafute muumini mwenye subira, mpe daftari alione, umwulize yeye huzisomaje. Andika jibu lake, na juu yake tarehe ya siku hiyo.