Kinachojaza ufukwe wa Kigamboni si joto peke yake

Mkuu, umeuliza kama ukifungua sehemu ya kuogelea Kigamboni, Dar es Salaam, joto la Januari litakuletea wateja. Nimekodisha mipira ya tairi huko miaka tisa, nakujibu kwa niliyoyaona.

Joto lina nafasi yake, lakini tazama kwanza mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka kuliko kawaida, maji hutoka sana asubuhi, saa nne unakuta mchanga na mwani, kisha yanajaa karibu saa kumi jioni. Ndiyo maana Idi ya kufungua hufurika. Mfunguo Mosi ukiandama, bamvua limeshaingia; watu wanakula pilau nyumbani, wanafika alasiri na maji ndiyo yanakuja. Idi ya kuchinja huwa siku ya kumi tangu mwezi kuandama, wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana. Yanajaa karibu na adhuhuri, wakati wengi bado wanagawa nyama. Mwaka wa kwanza sikujua hilo, nikakopa mipira ya ziada nikarudi nayo mikavu.

Njia nayo. Kabla Daraja la Nyerere halijafunguliwa 2016, mwenye gari alikuwa akiwaza foleni ya pantoni na kugeuzia ufukwe wa Coco, upande wa mjini. Vijana wa miguu wao ni pantoni na bajaji, na tarehe za mshahara utazijua kwa kuwaangalia tu.

Ila anayeamua familia itoke au isitoke ni mama. Hili nakuomba ulishike. Jirani yetu mmoja aliweka bango kwamba chakula cha nje marufuku, hotipoti zikahamia kwetu Jumapili ileile. Mama anataka kivuli, sehemu ya kuswalia, na bafu lenye mlango unaofungika na maji ya kisima ya kusuuza chumvi. Binti hawezi kupanda daladala na dera lililolowa, limemganda mwilini. Pasipo bafu, binti haingii majini. Na asipoingia, wiki ijayo hawaji kabisa.

Kubwa kuliko yote ni hofu. Wengi wa mama zetu hawajui kuogelea. Walikuwa wanakaa kwenye mkeka wakihesabu vichwa vya watoto, baada ya saa moja tu wanaita watu waondoke. Tulipomweka kijana mvuvi, filimbi shingoni, kazi yake kutazama maji tu, wakaanza kukaa mpaka magharibi.