Kabla katapila halijagusa kijito chenu, msikilizeni mweka hazina aliyeumia

Mwambieni mwenye katapila asije. Kama mmeshampa malipo ya awali, bora yapotee hayo kuliko yatakayofuata. Umeandika kwamba kikundi chenu cha Kinyerezi, Dar es Salaam, kimechanga fedha ili kunyoosha kijito kinachoingia Mto Msimbazi na kung'oa matete yote kabla ya masika, kisha ukauliza bei ya kukodi, aina ya miti ya kupanda na utaratibu wa kusajili kikundi. Bei ninaijua, kwa sababu sisi tulilipa shilingi milioni 6, michango ya kaya 43, ambayo mimi mwenyewe niliihesabu noti kwa noti nikiwa mweka hazina.

Aliyetupotosha alijiita mtaalamu wa mito. Alikuja na viatu visafi mno (hapo ndipo nilipopaswa kushtuka), akasimama ukingoni dakika kumi, akatangaza kwamba maji yanatujaa kwa sababu kijito kinapindapinda na matete yanakiziba, hivyo tukikinyoosha na kukichimba mita moja zaidi, mafuriko yatajiendea baharini. Tulimpigia makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Kwa siku tatu katapila lilikata kona nne na kung'oa matete, na mchanga uliotoka ukapakiwa kwenye malori ambayo sisi wenyewe tuliyasukuma yalipokwama. Baadaye tulibaini kwamba mchanga ule uliuzwa kwa wajenzi, maana yake bwana yule alilipwa nasi kwa kuchimba, akalipwa tena na wengine kwa alichokichimba. Tulipomuuliza habari za kibali cha bodi ya maji ya bonde, alijibu kwamba kibali ni cha miradi mikubwa, nasi tukaridhika, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda mita 60 kutoka ukingo wa mto dhidi ya shughuli za namna ile.

Kona ndizo zinazoupunguzia mto mwendo, na matete hunasa tope huku mizizi yake ikiushika ukingo. Tulipoviondoa vyote viwili, maji ya masika yalipata njia fupi yenye mteremko mkali zaidi, yakaanza kula kingo kutoka chini, na lile shimo la mita moja likaendelea kujichimba kuelekea upande wa juu wa kijito, kwenye viwanja vya watu ambao hawakuchanga hata senti. Tope letu lilishuka kuelekea Jangwani, bonde la chini la Msimbazi linalofurika mara kwa mara, kana kwamba Jangwani kulikuwa na upungufu wa tope. Usiku mmoja nikiwa na tochi niliona ufa mwembamba ukipita kati ya mguu wangu na mnazi wa jirani. Niliruka, mnazi ukainama polepole kama mzee anayetafuta kiti, ukaondoka na kipande cha ua, na alfajiri choo kikaufuata. Mwenye choo ana umri wa mama yangu, lakini tangu siku ile akikutana nami njiani ndiye anayeanza: "Shikamoo, mhandisi."

Kwa hiyo msiguse udongo mpaka mmekitazama kijito msimu mmoja mzima wa masika. Pigilieni vigingi ukingoni, vipakeni rangi kila nusu mita, na kila mvua kubwa inaponyesha mtu mmoja aandike maji yalifika alama ipi, yaliingilia wapi, na yalichukua saa ngapi kupungua. Atakayewaambia kwamba huko ni kupoteza muda, mwulizeni kwanza mchanga utakwenda wapi.

Fedha zetu ziliisha kabla katapila halijaifikia kona ya tano. Ukingo wa kona hiyo ndio pekee uliosimama hadi leo, na matete yake yamenizidi kimo. Njoo Jumapili nikuonyeshe, ila usije na viatu visafi.