Swali la lugha: "wenye kwato kama nguruwe"

Msomaji wetu anayetafsiri makala za sayansi ametuletea sentensi hii: "Daeodon ni jenasi aliyetoweka wa wanyama wakubwa wenye kwato kama nguruwe." Mhariri wake amekata "aliyetoweka wa" na kuweka "iliyotoweka ya". Anauliza nani yuko sahihi. Pia anataka kujua kama jina la utani la mnyama huyo liwe "nguruwe wa kuzimu" au "nguruwe wa jehanamu".

Mhariri yuko sahihi. Jenasi ni kundi, halipumui wala halili. Twasema jenasi hii, kama tusemavyo familia hii. Ukimtaja mnyama mwenyewe, hapo ndipo uhai unarudi: Daeodon alikuwa na kimo cha karibu mita 1.8 mabegani, aliishi Marekani Kaskazini, akafa. Mifupa yake nayo ina upatanisho wake: visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, vilivyochimbuliwa jimbo la Nebraska, Marekani; fuvu lenye urefu wa sentimita 90 hivi. Nasisitiza hili kwa sababu nakutana mara kwa mara na "kisukuku aliyepatikana". Nadhani wanaoandika hivyo wanachanganywa na kiboko na kifaru, ambao wana ki- ya jina lakini ni viumbe hai. Kiboko amekufa, kisukuku kimechimbuliwa.

Ila mhariri ameacha kosa kubwa zaidi likipita. Isome tena: "wanyama wakubwa wenye kwato kama nguruwe". Mimi nikiisoma haraka naelewa kwamba nguruwe ni mfano wa wanyama wenye kwato, kama vile ng'ombe na mbuzi. Mwingine ataelewa kwamba kwato zao zilifanana na za nguruwe. Maana aliyoikusudia mfasiri, kwamba mnyama mzima alikuwa na sura ya nguruwe, inakuja ya tatu.

Na zile mbili za kwanza zote zinapotosha. Nguruwe ana vidole vinne katika kila mguu, viwili vikikanyaga chini na viwili vidogo vikining'inia nyuma. Daeodon alikuwa na viwili tu. Wala hakuwa nguruwe hasa. Mwaka 1905 mtaalamu wa visukuku O. A. Peterson aliipa mifupa ya Nebraska jina Dinohyus, yaani nguruwe wa kutisha kwa Kigiriki. Baadaye ilibainika kwamba ni jenasi ileile ambayo mtaalamu mwingine, Edward Drinker Cope, alikuwa ameipa jina Daeodon mwaka 1878, na kwa kanuni za sayansi jina la kwanza ndilo linalobaki. Siku hizi watafiti wengi wanaliweka kundi lake karibu zaidi na viboko na nyangumi kuliko nguruwe.

Kwa hiyo neno "kama" haliwezi kubeba mzigo huu peke yake. Lipe kitenzi, na uisogeze sura ya nguruwe ikae jirani na mnyama: "Daeodon ni jenasi iliyotoweka ya wanyama wakubwa waliofanana na nguruwe, wenye kwato." Ukipenda, "wenye umbo la nguruwe" ni sawa pia. "Mithili ya nguruwe" ni nzuri katika hadithi, lakini katika makala ya sayansi naiona imevaa kanzu ya sherehe siku ya kazi.

Kuhusu jina la utani, Kiingereza kimetumia neno lake la moto wa adhabu, "hell", na kwetu hilo ni jehanamu, neno lililokuja na Kiarabu. Mwenye kutafsiri neno kwa neno ataliandika hilo. Mimi nachagua kuzimu. Kuzimu ni kwa wafu, chini ya ardhi, na ndani yake unaisikia mizimu. Mnyama aliyelala udongoni miaka takriban milioni 20, kisha mtu akaja na sururu na brashi akamtoa fuvu likiwa na meno yake, hakutoka motoni. Msomaji wa Kiswahili akisoma "nguruwe wa kuzimu" atamwona akifukuliwa. Liweke tu ndani ya alama za mtajo, ili ajue ni jina la utani, asije akamhesabu mnyama huyu pamoja na ngiri.