Re: Kuchanganya mafuta ya alizeti na dizeli kwenye mashine ya kusaga

Mkuu, umeuliza kama mashine yako ya kusaga ya huko Makambako inaweza kutumia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya alizeti. Kama ni ya zamani ya kupiga hendeli inaweza kula mchanganyiko, na wazo lenyewe sio jipya, kwenye maonyesho ya Paris 1900 injini ya dizeli iliwashwa kwa mafuta ya karanga tupu. Shida ni uzito, yaani mnato, sio kilo. Mafuta ya alizeti ni mazito kama mara kumi ya dizeli, na baridi ya huko kwenu mwezi wa saba yanazidi kuwa mazito, nozeli (kile kidude kinachopuliza mafuta ndani ya injini) inashindwa kuyapuliza vizuri, hayaungui yote, yanaacha masizi kwenye ringi za pistoni halafu mengine yanashuka kwenye oili inakuwa kama uji. Kwa hiyo anza na kidogo, sehemu moja kwa tano za dizeli, washa na dizeli tupu mpaka injini ipate moto ndo uhamie mchanganyiko, na kabla ya kuzima rudi dizeli. Oili badilisha mapema. Ila kununua alizeti ya dukani ni hasara, tafuta mafuta yaliyokaangia chipsi, yaache yatuame, chuja vizuri na maji yasiwemo kabisa. Gari ya kisasa yenye injekta za umeme usijaribu, tafadhali!