Maswali Yenu: Reindia atafaa Kabale?

Swali: Mhariri, huku Kabale usiku tunajifunika blanketi mbili. Je, siwezi kufuga reindia, yule mnyama wa pembe wa nchi za baridi kali, kwa ajili ya maziwa? Na karibuu ni mnyama gani? – Mfugaji, Kabale

Jibu: Ndugu mfugaji, blanketi hizo ni za usiku tu. Mchana jua la Kabale hufikisha nyuzi 23, na shida inaanzia hapo. Kila unywele wa reindia una hewa ndani, na chini yake kuna sufu nzito, kinga ya baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenu atashinda akihema mdomo wazi. Kupe nao wapo, na babesia, ule ugonjwa wa kukojoa damu, huwaua hata reindia wanaofugwa ugenini Ulaya.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mwanga. Reindia hupandana Septemba na Oktoba, mwili ukihisi mchana unafupika. Kwetu ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, majira atayajuaje?

Maziwa yake yana mafuta asilimia 20 hivi (ya Friesian ni kama 4), ila utakamua kikombe kimoja au viwili kwa siku. Hiyo si biashara. Wasaami wa Skandinavia humfuga hasa kwa nyama na ngozi. Waevenki wa Siberia ndio wanaompanda na kumkamua.

Karibuu ni spishi hiyohiyo, yule wa porini Amerika Kaskazini.

Swali: Ni kweli pembe za reindia hudondoka, na jike naye anazo? – Msomaji, Mbarara

Jibu: Kweli yote mawili. Pembe ya ng'ombe wa Ankole ni mfupa uliovikwa ganda, na hukaa naye maisha yake yote. Ya reindia ni mfupa mtupu unaoota upya kila mwaka, ukiwa umefunikwa ngozi laini yenye mishipa ya damu. Ukikomaa, ngozi hukauka, naye huisugua kwenye vichaka mpaka ining'inie vipandevipande.

Dume hudondosha zake baada ya kupandana, kuelekea Desemba. Jike mwenye mimba hubaki nazo hadi azae, kwa kawaida Mei, na ana sababu: wakati wa baridi huchimba theluji kwa kwato afikie likeni, ule ukoko wa kijivu anaoula, na dume asiye na pembe hathubutu kumpokonya shimo. Kwato hizo hazifui dafu mvua ikinyesha juu ya theluji kisha ikaganda. Mvua ya Novemba 2013 kwenye rasi ya Yamal, Urusi, iliua kwa njaa reindia wapatao 61,000.