Kabla hujamwandikia kijana barua ya kwenda seminari

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kila msimu wa udahili ukikaribia, hapa kanisani kwetu Bagamoyo hujitokeza kijana anayesema ana wito wa uchungaji. Wazazi wake huja kwangu, maana vyuo vya Biblia hutaka barua ya utambulisho kutoka kanisa la nyumbani, na sisi wazee ndio tunaoiandika. Wanauliza ada ni kiasi gani, hosteli ipo, cheti kinatambulika? Wana haki ya kuuliza. Mimi huwaongezea swali moja wasilolitegemea: walimu wa chuo hicho wanaungama imani gani, na wameitia sahihi?

Swali hili nimelipata kwa kumfuatilia kwa muda mrefu Mmarekani mmoja, Albert Mohler. Alizaliwa mwaka 1959 Lakeland, jimbo la Florida. Mwaka 1993, akiwa na miaka 33 tu, alifanywa mkuu wa Southern Baptist Theological Seminary iliyopo Louisville, Kentucky, chuo alichosoma yeye mwenyewe hadi udaktari. Chuo hicho si kigeni kwetu kama mtu anavyoweza kudhani. Wamisionari wa dhehebu lake ndio waliofika Tanganyika miaka ya 1950 wakaanzisha makanisa ya Baptist, na seminari yao ya Arusha ndiyo iliyokuja kuzaa Mount Meru University. Kinachoaminiwa Louisville husafiri. Kijana wako anaweza kukikuta kwenye kitabu cha darasani hata asipopanda ndege.

Tangu seminari ile ilipoanzishwa mwaka 1859, kila profesa hutia sahihi ungamo la vipengele 20 liitwalo Abstract of Principles, akiahidi kufundisha kwa mujibu wake na si kinyume chake. Miaka ikapita, wengine wakawa wanatia sahihi huku wakilitafsiri kwa ulegevu. Mohler aliingia na upande wa wale walioshikilia kwamba Biblia haina kosa, akasema ahadi ile itachukuliwa kama ilivyoandikwa. Wanafunzi waliandamana. Walimu wengi waliondoka, baadhi kwa hiari, baadhi kwa kusukumwa.

Mimi ni mhafidhina, sifichi. Kwa jambo hilo naamini alikuwa sahihi. Anayekula mshahara wa sadaka za waumini akifundisha tofauti na alichowaahidi, anawadhulumu. Lakini kuna sehemu ya habari hiyo inayoniuma. Seminari ile ilikuwa na kitivo kizima cha ustawi wa jamii. Mwaka 1995 mkuu wa kitivo hicho aliondolewa kwenye nafasi yake baada ya kutofautiana hadharani na Mohler kuhusu kuajiri walimu, na baada ya muda mfupi seminari ikaachana na kitivo chenyewe. Mchungaji wa mji kama wetu analetewa binti wa darasa la saba aliyepewa mimba na jirani, analetewa kijana wa bodaboda aliyenasa kwenye unga. Akiwa na fundisho sahihi la wokovu lakini hajui dawati la jinsia polisi lilipo wala namna ya kuzungumza na ustawi wa jamii, kondoo wake wataumia mikononi mwake. Kwa hiyo chuo kikikuonyesha ungamo zuri, omba na orodha ya masomo.

Kuhusu wanawake, Mohler hakuanza alipo leo. Mwaka 1984 mkutano mkuu wa dhehebu lake ulipopitisha azimio la kupinga wanawake kuwekewa mikono, yeye, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa miongoni mwa waliolilalamikia. Kisha akatembelewa chuoni na mwanatheolojia mzee, Carl Henry, aliyemuuliza msimamo wake na kumwambia kwamba siku moja utamtia aibu. Mohler amesimulia mwenyewe jinsi alivyokimbilia maktaba kuchimba suala lile, akatoka amebadilika. Mwaka 2000 alikuwa kwenye kamati iliyoandika upya ungamo la dhehebu zima, linalosema kazi ya uchungaji ni ya wanaume. Hapa nchini makanisa hayafanani kwa jambo hili: KKKT, kanisa la Kilutheri, imekuwa ikiwabariki wachungaji wanawake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na yapo makanisa yasiyotaka hata kulisikia. Kama mwenye wito ni binti, mwambieni mapema chuo fulani kinasimama wapi. Ni ukatili kumwacha agundue mwaka wa pili, ada ya wazazi ikiwa imekwisha kuliwa, kwamba walimu wake hawaoni mahali pa kumsimamisha.

Jambo ninalotaka msomaji alikazie macho ni hili la utumwa, kwa sababu ya mahali tunapoishi.

Desemba 2018 seminari ile ilitoa ripoti ya kurasa 71 kuhusu historia yake, ripoti ambayo Mohler mwenyewe ndiye aliyeagiza iandikwe. Ilisema wazi kwamba waanzilishi wanne, James Boyce, John Broadus, Basil Manly na William Williams, kwa pamoja walimiliki watumwa zaidi ya 50, na kwamba waliutetea utumwa kwa Maandiko. Ilisema pia kwamba mwaka 1880 chuo kikiwa hoi kifedha kiliokolewa na dola 50,000 za Joseph Brown, tajiri ambaye sehemu kubwa ya mali yake ilitokana na kuwatumikisha wafungwa, wengi wao weusi.

Manly huyo ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya lile ungamo la vipengele 20. Nilipoyasoma haya nikiwa hapa Bagamoyo, mji ambao misafara kutoka Ujiji na Tabora ilifikia ikiwa na pembe za ndovu na binadamu, mji ambao mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 na kujenga kijiji cha waliokombolewa, sikuweza kuyapita haraka. Kuna watu walioungama kila neno sahihi juu ya Kristo, na nyumbani kwao kulikuwa na binadamu aliyenunuliwa. Ungamo lao halikuwa la uongo. Liliishia mlangoni pa shamba.

Nampa Mohler heshima kwa kuifungua habari hiyo yeye mwenyewe, akijua itakiaibisha chuo anachokipenda. Viongozi wengi wa dini wangeifungia kabatini. Lakini mwaka 2019 wachungaji wa Louisville waliomba sehemu ya mali ya seminari ipelekwe Simmons College, chuo cha Wabaptisti weusi cha mji uleule, na akakataa. Mwaka uliofuata bodi ilitenga fedha za kuwasomesha wanafunzi weusi, ila majina ya waanzilishi yakaachwa juu ya majengo. Mimi nasoma Luka 19, namwona Zakayo akirudisha mara nne kwa watu aliowadhulumu, na naona pale Louisville kazi haijaisha.

Basi, mzazi na mzee mwenzangu, andikieni chuo kabla ya kulipa fomu. Ombeni ungamo la imani kwa Kiswahili, na muulize kama walimu wanatia sahihi au limetundikwa ukutani tu. Ulizeni nani anagharamia chuo na anataka nini. Muulize pia chuo kinawalipaje wapishi na walinzi wake, na kama wanafunzi hupelekwa kwa wachungaji wa vijijini kukaa nao na kufanya kazi. Kuna chuo kimoja kilinijibu kwamba mambo ya ungamo hayamhusu mzazi. Barua ya kwenda huko sikuandika, na kijana yule tulimtafutia nafasi kwingine, ambako mkuu wa chuo mwenyewe alimpigia simu baba wa kijana na kumsomea vipengele vyote kimoja kimoja.