Jibu kwa mama anayeogopa CT ya kichwa ya mwanawe

Pole sana kwa kuuguza, mama mwenzangu. Umesema mwanao wa miaka minne aliporomoka ngazi jana jioni, ametapika usiku kucha, leo analala usingizi usio wake, na daktari ameagiza CT ya kichwa, yaani picha za ndani ya kichwa zinazopigwa kwa mashine ya mionzi. Wewe unasita kwa sababu umesikia mionzi yake huleta saratani kwa watoto. Mpeleke sasa hivi, apigwe picha hiyo. Haya mengine utayasoma mkiwa mnasubiri majibu.

Hofu yako ina msingi. Watoto huathirika na mionzi kuliko sisi, kwa kuwa seli zao zinagawanyika kwa kasi na wana miaka mingi mbele ambamo saratani inaweza kujitokeza. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu waliopigwa CT wakiwa wadogo. Makadirio yao ni kwamba kwa kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 wanaopigwa CT ya kichwa, ndani ya miaka 10 huongezeka mmoja mwenye saratani ya damu na mmoja mwenye uvimbe wa ubongo. Hatari ipo, asikudanganye mtu. Ila damu ikivuja ndani ya fuvu, mtoto anaweza kufa leo hii.

Mizani hii nimeishika muda mrefu. Mwanangu alizaliwa na maji kichwani, akawekewa mrija unaoyashusha hadi tumboni. Mrija ukiziba, anatapika, kichwa kinamuuma, analegea. Akipata ugonjwa wa kawaida wa tumbo, dalili ni hizohizo. Ningekubali picha kila anapotapika, angeshapigwa nyingi mno. Ningekataa zote, nisingekuwa naye.

Daktari wake wa upasuaji ndiye aliyenipa swali la kuuliza: "Majibu ya picha hii yatabadilisha nini kwenye matibabu?" Kuna usiku nilijibiwa kwamba maji yakionekana yameongezeka, anaingia chumba cha upasuaji kabla hakujakucha. Nikasaini papo hapo. Siku nyingine daktari wa zamu alitaka CT kwa ajili ya kujiridhisha tu, na mtoto alikuwa anaharisha, anacheza, na kaka yake ana ugonjwa uleule. Nilimuuliza kwa heshima, akampigia mkubwa wake, wakaamua alazwe aangaliwe kwanza. Asubuhi alikuwa anadai mpira wake.

Nawaambia na wazazi wengine wanaosoma hapa: daktari akisema mtoto aliyeanguka aangaliwe kwa saa kadhaa bila picha, hajawapuuza. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2009, wenye watoto zaidi ya 42,000, ulionyesha kwamba mtoto wa miaka miwili na kuendelea ambaye hajapoteza fahamu, hatapiki, haumwi sana kichwa, hana dalili za kuvunjika fuvu, ana akili timamu na hakuanguka vibaya, uwezekano wa kuwa na jeraha kubwa la ubongo ni chini ya 1 kati ya 2,000. Huyo hana haja ya CT. Wa kwako anatapika na amezidiwa na usingizi, kwa hiyo hayumo kwenye kundi hilo.

Tena msizichanganye picha zote kapu moja. Kwa mwaka mtu hupata wastani wa milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 2.4 za mionzi ya asili, itokayo ardhini, angani na hata kwenye chakula. CT ya kichwa ni kama milisiveti 2. Eksirei ya kifua ni sehemu ndogo sana ya hiyo, sawa na mionzi ya asili ya siku chache. Kumnyima mtoto mwenye nimonia eksirei kwa kuogopa saratani ni kukosea hesabu. Ultrasaundi, inayotumia mawimbi ya sauti, na MRI, inayotumia sumaku, hazina mionzi hiyo kabisa, na kwa maumivu ya tumbo yanayodhaniwa kuwa kidole tumbo, ni haki yako kuuliza kama ultrasaundi inaweza kutangulia. MRI nayo ina lake: mtoto mdogo mara nyingi hulazwa usingizi kwa dawa ili atulie, na haipatikani haraka kila mahali. Na wanaosema kwamba mionzi ya CT hubaki kwenye damu, si kweli. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Kinachoweza kubaki ni athari iliyofanyika kwenye seli.

Mkifika chumba cha picha, muulize mtaalamu kama mashine imepangwa kwa uzito wa mtoto, maana kipimo cha mtu mzima humzidishia mionzi bure. Mwombe pia uingie naye; watakuvalisha aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi. Mimi huinama karibu na miguu ya mwanangu, namshika vifundo, tunahesabu pamoja kwa sauti ya chini mpaka kitanda kitoke. Mara moja aligeuza shingo katikati, picha ikatoka na ukungu, ikabidi irudiwe, yaani mionzi mara mbili kwa jibu moja. Kwa hiyo mfunge shuka vizuri, mwambie mapema kwamba mashine itanguruma lakini haiumi.

Kabla ya kutoka, omba nakala ya picha kwenye CD na uandike tarehe kwenye daftari lake la kliniki. Mkipewa rufaa kwenda hospitali nyingine, wape hiyo kwanza, kabla hawajaagiza nyingine.